Mfuko Ulioshuka Mnara wa Nne

Waliomtoa Mikdad ndani ya kitovu cha mnara wa nne walikuwa watu waliozoea kazi ya juu, na bado mmoja wao aliposhuka alikwenda nyuma ya gari akatapika. Ilikuwa Ramadhani na tumbo halikuwa na kitu. Akatapika nyongo tupu, akajifuta kwa kiganja, akarudi kuwasaidia wenzake kuibeba machela.

Kitovu ni kile kichwa cha chuma kinapokutana mapanga matatu ya mtambo wa upepo. Fundi huingia humo kwa kutambaa ili akaze nati. Mapanga yakizunguka, kitovu nacho huzunguka, na aliye ndani husagwa na vyuma. Mnara uliwashwa Mikdad akiwa ndani.

Mkaguzi Sabiha wa upelelezi alifika pale shambani, nje kidogo ya Zinga, adhana ya magharibi ikiwa imekwisha lia. Alikuwa mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, magoti yakimsumbua. Alifuturu kwa funda moja la maji ndani ya gari, kisha akashuka. Watu walikuwa wamesimama mafungu mafungu. Peke yake mlangoni mwa mnara alikaa msichana mwenye ovaroli, ameshika makufuli yaliyofunguliwa. Hakuna aliyemkaribia. Lakini kando ya mguu wake palikuwa na chupa ya maji ambayo mtu alimwekea kisha akaondoka.

Sabiha akamuuliza nani kamwekea. Msichana akatazama chupa kama ndiyo kwanza anaiona.

"Sijui, afande. Mimi ndiye niliyewasha."

Jina lake Ashatu. Alikuwa fundi mdogo kuliko wote katika kikosi cha watu wanne. Marehemu hakuwa mkubwa wake wa kazi tu, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Zuleha. Ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, na ndani ya nyumba yake ndimo alimolala.

Alieleza yote bila kulia, jambo ambalo watu walimhesabia vibaya. Alisema sheria yao ni kwamba kila anayeingia mnarani hutia kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu iliyo chini, na ufunguo hukaa naye. Maadamu kufuli moja limebaki, mnara hauwezi kuwaka. Anayelifungua ni mwenyewe, akishafika chini kwa miguu yake. Lakini lifti ya mnara wa nne ilikuwa mbovu tangu masika, na ngazi ni ndefu. Ramadhani ilipoingia, Mikdad akawaonea huruma wenzake. Akaanzisha desturi: wakimaliza kazi juu, funguo zitiwe kwenye mfuko wa turubai unaoshushwa kwa kamba, aliye chini afungue, awashe na kukusanya vyombo wao wakiwa bado wanashuka, ili wote wawahi futari majumbani. Kampuni ilikataza jambo hilo na kila mtu alilifanya.

"Mfuko ulikuja na funguo zao mbili, wa shemeji na wa Kitwana," alisema Ashatu. "Nikauliza kwenye redio kama wako nje. Kitwana akajibu, washa, tumeshatoka. Nikafungua. Nikawasha."

"Mikdad hukumsikia sauti yake?"

"Hapana. Ilinipasa nimsikie. Alinifundisha mwenyewe, kila mtu na sauti yake."

Halafu alisema kuwa alisikia. Baada ya kuwasha, ndipo alipoisikia sauti yake, ikitoka juu.

Usiku ule alilazwa mahabusu.

*

Asubuhi mkubwa wake Sabiha alisema haoni cha kupeleleza hapo, maana binti amekiri. Ashitakiwe kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Kampuni nayo ilikwisha toa maneno yale yale. Sabiha aliomba siku mbili, akapewa moja na nusu.

Alianzia kwa mjane. Zuleha alikuwa chumbani katika eda, wanawake wamemzunguka. Sabiha alimpa pole, akamwambia mdogo wake hajala daku wala futari, hakuna aliyempelekea chakula. Zuleha aliinua uso.

"Mume wangu kazikwa usiku bila kuoshwa," alisema. "Unajua? Walisema hakuna pa kumwagia maji. Wakamzungushia plastiki. Na aliyemfikisha hapo nilimlea mgongoni mwangu. Asile."

Mwanamke mmoja aliguna. Sabiha alipokuwa anavaa viatu, Zuleha alisema, kwa sauti ile ile, kwamba yuko mtu mmoja tu aliyewafaa, naye ni Kitwana. Amelia kuliko ndugu, ameingia kaburini kumpokea rafiki yake, na amewaombea watu wasimlaani sana yule binti.

Aliyefuata alikuwa Abdulswamad, msimamizi, kijana wa shati la kupigwa pasi, ofisini kwake kwenye kiyoyozi. Huyu alianza na hasira. Alisema sheria zimebandikwa ukutani, watu wamefundishwa wakapewa vyeti, sasa yeye afanye nini. Sabiha alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Kisha akamuuliza kwa upole, kama anayemuuliza mjukuu, mara ya mwisho kuzungumza na Ashatu jana ilikuwa lini.

Abdulswamad aliweka kalamu chini. Mwishowe alikubali kwamba alimpigia simu mara mbili alasiri, akimhimiza mnara uwake kabla ya magharibi, kwa sababu wageni wa kampuni walikuwa njiani kutoka Dar. Katika maelezo yake ya kwanza hakulitaja hilo.

"Ulimwambia afungue kufuli la mtu?"

"Sikumwambia hivyo."

"Ulijua kuhusu mfuko?"

Alitazama dirisha. Alijua. Mnara ukiwahi kuwaka, alisema, hakuna anayeuliza umewahije.

Sabiha alimwandika moyoni kuwa mtu mwoga na mwenye lawama, lakini hakuona mkono wake ndani ya mfuko ule. Alikuwa Zinga muda wote, watu wanne walimwona.

*

Mfuko wenyewe ulikuwa bado chini ya mnara, haujaguswa. Sabiha aliufungua. Ndani, funguo zikiwa zimekwisha tolewa, mlikuwa na kitu kimoja, spana ya boksi iliyopasuka mdomo.

Alimwita mkuu wa waokoaji, yule aliyetapika, na kumuuliza vyombo vingine viko wapi. Akajibiwa kuwa viko juu, ndani ya kitovu, vimetapakaa damu. Spana, nyundo, taa, kopo la grisi. Sabiha akauliza kama fundi akimaliza kazi huacha vyombo ndani ya kitovu. Mwokoaji alisema hakuna mwendawazimu wa namna hiyo, kwa maana mapanga yakizunguka vile vyombo vitavunja kila kitu.

Kisha akaongeza jambo jingine, kwa kuwa lilikuwa likimkereketa. Kule juu kuna kigingi kikubwa cha chuma kinachozuia mapanga yasizunguke wakati mtu yumo. Huwezi kukisukuma peke yako, ni kazi ya watu wawili, mmoja anazungusha gurudumu polepole, mwingine anakisukuma kigingi. Yeye alikikuta kimeingia nusu tu. Mnara ulipowaka kikachomoka.

"Na wao walikuwa wawili kule juu," alisema Sabiha.

"Ndivyo tulivyoambiwa, mama."

Sabiha alimuuliza kama jana, alipopanda kumtoa Mikdad, Kitwana alipanda naye. Mwokoaji alisema hapana, Kitwana alikuwa amekwisha shuka, miguu inamtetemeka, analia. Hawakumlazimisha.

Kitwana mwenyewe alimkuta kivulini kwenye banda la vyombo, macho mekundu. Mwanamume mrefu, mzuri wa sura, ambaye wenzake wamempa jina la Tumbili kwa sifa ya kupanda. Alimwamkia Sabiha shikamoo akamfutia kiti kwa kofia yake. Hadithi yake ilikuwa fupi na haikuwa na doa. Walikuwa wawili juu, yeye na Mikdad. Kazi ikaisha. Mikdad akampa ufunguo, yeye akautia mfukoni pamoja na wake, akaushusha mfuko, akamjibu Ashatu kwenye redio. Akatangulia ngazini. Bila shaka marehemu alirudi ndani kuchukua kitu alichosahau.

"Yule binti msimtese," alisema. "Alitaka watu wawahi futari tu."

Sabiha alimshukuru. Alimuuliza kuhusu Najim, mtu wa nne, na hapo Kitwana alitabasamu kidogo. Alisema Najim jana alikuwa kama bwana harusi, wa kulazwa na kupepewa. Wakiwa wanapanda mchana alishikwa na kizunguzungu cha saumu kwenye jukwaa la pili, katikati ya mnara, Mikdad akamkataza kuendelea na kumlaza pale pale. Najim alikasirika sana. Alimwambia marehemu, mbele ya Kitwana, kwamba siku moja atamlipa.

"Sitaki kumsema mtu," alisema Kitwana. "Lakini mfuko ukishuka hupita pale pale kwenye jukwaa."

*

Najim aliishi chumba kimoja Zinga, nyuma ya duka la Natvarlal. Alipofungua mlango alikuwa kama mgonjwa. Alikiri ugomvi kabla hajaulizwa. Alisema kweli alimwambia Mikdad atamlipa, kwa sababu aliyekatazwa kupanda mara tatu hupelekwa kufagia uwanja, na hiyo ilikuwa ya pili, na Kitwana alikuwa pale anamcheka, anamwita bwana harusi wa kuzimia. Hakumuua. Alilala. Sauti ya juu ndiyo iliyomwamsha, na Kitwana alikuwa keshashuka.

Sabiha alisogea ndani. Alikuwa anatazama koti la kazi lililokunjwa vizuri juu ya mto wa kitanda. Lilikuwa kubwa kuliko mabega ya Najim.

"Koti la nani hili, mwanangu?"

Najim akaanza kulia kabla ya kusema. Lilikuwa la Mikdad. Jana, walipokuwa wanabishana, huku anamtukana, Mikdad alilivua koti lake akalikunja akamwekea chini ya kichwa, akamwambia lala, tutagombana vizuri ukiamka. Ufunguo wa Najim aliuteremsha chini kwa mfuko, Ashatu akaliondoa kufuli lake. Halafu Mikdad akaendelea kupanda na fulana.

"Kwa nini hukusema?"

"Ufunguo wake ulikuwa mfukoni humu, bibi. Siku zote anauweka mfuko wa kushoto. Nilipoamka mfuko uko wazi, hamna kitu. Nikisema, nani ataniamini?"

Sabiha alikaa kitandani kando ya lile koti. Alifikiri kwa utaratibu, kama anayechambua mchele. Mikdad alipanda bila ufunguo, kausahau chini ya kichwa cha mtu anayemtukana. Basi hakumpa Kitwana ufunguo wowote kule juu, maana hakuwa nao. Mfuko ulishuka na spana mbovu peke yake, na vyombo vyote vimebaki. Huo haukuwa mfuko wa kuaga. Ulikuwa wa kuomba spana nyingine. Na kigingi kimeingia nusu, kwa kuwa aliyekuwa anakisukuma hakuwa na wa kumsaidia. Funguo mbili ziliongezwa njiani, kwenye jukwaa la pili.

Angeweza kuwa Najim. Najim angeweza kuutoa ufunguo wa Mikdad. Lakini wa Kitwana angeupata wapi?

"Jana ni wewe uliyemwekea Ashatu maji?" aliuliza.

Najim alijifuta pua. Alisema ndiyo, maana alimwona amekaa pale na mwadhini amekwisha adhini, na hakuna anayemwambia afuturu.

"Ulipolala, Kitwana alikuwa wapi?"

"Alikuwa bado pale jukwaani. Mikdad alimwambia apumzike kwanza, kisha amfuate."

"Ulimwona akimfuata?"

Najim alitazama lile koti. Alisema, sasa anapofikiri, hajapata kumwona Kitwana juu ya jukwaa la pili tangu mwaka jana. Siku zote ni Mikdad na Kitwana wanaokwenda juu, wengine wanabaki chini, au wanaishia jukwaani kupitisha vyombo. Siku zote wanarudi pamoja.

*

Kesho yake saa nne asubuhi Sabiha aliwakusanya wote chini ya mnara wa nne. Ashatu aliletwa na askari wawili, midomo imekauka. Abdulswamad alikuja na kalamu yake. Mwokoaji alikuja na kamba. Sabiha alisema anataka jambo dogo tu, Kitwana apande mpaka juu, amwonyeshe mwokoaji mahali aliposimama alipopewa ufunguo. Najim atafuata nyuma, kwa usalama.

"Mimi magoti hayaniruhusu," alisema. "Nitangoja hapa na redio."

Kitwana alisema hana moyo wa kurudi mahali pale. Sabiha alisema anamwelewa, na kwamba itakuwa mara moja tu. Watu walimtazama. Alivaa mikanda yake, akaangalia ngazi, akapanda.

Alipanda vizuri mpaka jukwaa la kwanza. Alipanda polepole mpaka la pili. Wote waliokuwa chini walisikia buti zake juu ya chuma, halafu wakasikia zimenyamaza. Kisha kwenye redio ikaja sauti ya mwokoaji, ya chini, kama ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Alisema Kitwana yuko vipago vichache juu ya jukwaa. Amefumba macho, mikono yake imekaza na haibanduki. Amejikojolea.

Abdulswamad akacheka kwa mshtuko. Sabiha akamtazama mpaka akaacha.

Iliwachukua karibu saa nzima kumteremsha, kidole kwa kidole, huku Najim akiwa chini yake ameubeba uzito wake begani. Hakumwita bwana harusi. Alimwambia tu, weka mguu hapa, sasa hapa. Walipofika chini Kitwana alikaa kwenye zege. Sabiha alichuchumaa mbele yake kwa taabu, akamwambia yote, kuhusu spana, kigingi, na koti lililokuwa chini ya kichwa cha Najim.

"Hukuwa juu siku ile," alisema. "Tangu lini hujafika juu?"

Kitwana alisema ni tangu mwaka jana, mkanda wake ulipokatika akaning'inia kwa mkono mmoja. Hakumwambia mtu. Mikdad aligundua mwenyewe. Akamwambia asijali, atulie pale jukwaani, yeye atafanya kazi ya wawili mpaka hofu imtoke. Akafanya hivyo miezi yote ile. Wakishuka, aliwaambia watu Tumbili leo kafanya kazi nzuri.

"Alikuheshimu," alisema Sabiha.

"Alinihurumia." Sasa sauti ya Kitwana ilikuwa kavu, machozi yamekwisha. "Kila siku. Akishuka ananifuta jasho kama mtoto. Ananiuliza, umeshindaje huko? Mimi, ananiuliza mimi. Halafu kampuni ikanichagua niwe mwalimu wa vijana wapya wa Lugoba. Akaniambia, Idi ikipita waambie ukweli, usipowaambia nitawaambia mimi, maana kijana ataning'inia na wewe hutamfikia. Alisema huku ananishika bega. Ningemsamehe kama angenitukana."

Alieleza mengine bila kuulizwa. Mfuko uliposhuka mbele yake na spana mbovu, aliishika kamba. Ufunguo ulikuwa pale, ncha yake inachungulia mfukoni mwa koti. Alijua Mikdad akishaushusha mfuko hurudi ndani ya kitovu, na redio humo haikamati. Alitia funguo mbili, huo na wake, akaachia kamba.

Ashatu alisogea hatua moja. Askari hawakumzuia.

"Kwa nini mimi, kaka Kitwana?"

Kitwana alimtazama kana kwamba swali ni la kipuuzi.

"Wewe ungefanya, bila maswali. Mwingine angepiga kelele mpaka amsikie. Wewe ulikuwa unatuamini."

Wakamfunga pingu. Abdulswamad alianza kueleza kwamba kampuni haikuwa na habari ya desturi ile ya mfuko, na Sabiha alimwambia akaiseme vizuri mbele ya hakimu, pamoja na zile simu mbili.

*

Ashatu aliachiwa alasiri ile ile. Mkubwa wa Sabiha alisema faili limebadilika, aende nyumbani. Alikuwa hajui aende wapi, kwa hiyo Sabiha alimchukua kwenye gari lake mwenyewe mpaka nyumbani kwa Mikdad. Habari ilikuwa imewatangulia. Watoto waliokuwa wakicheza nje waliondoka mmoja mmoja.

Wanawake walimpisha Sabiha, akaingia peke yake chumbani kwa mjane. Alikaa naye muda mrefu. Alimweleza jinsi mumewe alivyolivua koti, na maneno aliyoyasema. Zuleha alisikiliza, akamtaka arudie maneno hayo, naye akayarudia. Tutagombana vizuri ukiamka. Zuleha akacheka, kicheko cha kweli, kisha akasawijika uso.

"Yuko nje?" aliuliza.

"Yuko barazani."

Zuleha alinyanyuka, akaenda mpaka nyuma ya mlango, ambako angeweza kusema bila kuonekana. Ashatu alisikia hatua zake, akasimama.

"Dada."

"Najua si wewe," alisema Zuleha. "Nimeambiwa, nimesikia, na Mungu anajua. Nimekusamehe pale pale. Lakini ulisema ulimsikia. Mimi nitakapokuwa nakutazama, nitakuwa nangoja uniambie alisema nini."

"Dada, nilisikia tu..."

"Usiniambie." Zuleha aliushika mlango. "Nguo zako zimefungwa kwenye kitenge. Nenda kwa shangazi, Miono. Usirudi mpaka nikuite."

Ashatu hakuuliza atamwita lini. Sabiha naye, aliyekuwa amesimama kati yao wawili, kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani angelipeleleza jambo hili polepole zaidi, majonzi yapungue kwanza.

Adhana ya magharibi ililia. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono, na mkono wa Zuleha ukaweka sahani ya tende na bilauri ya maji kizingitini, kisha mlango ukarudishwa. Ashatu alikaa chini, akachukua tende moja, akaishika bila kuila.

Sabiha aliketi kando yake, magoti yakilia, naye akachukua moja. Tende zote zilikuwa zimetolewa kokwa.

"Ananitolea tangu nikiwa mdogo," alisema Ashatu. "Niliwahi kupaliwa."

Akaila. Ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, mtu aliyekuwa amesimama akingoja kusikia kama amekula, aliondoka.